Hujambo, Amahoro na Ngazi ya Vidato Kumi: Historia Fupi ya Utafiti wa Afya Njema ya Akili

Utangulizi

Mwezi Machi mwaka 2016 ilitolewa Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka huo, na nchi yetu ya Burundi ikawekwa mwisho: nafasi ya 157 kati ya nchi 157. Mwaka 2017 iliwekwa nafasi ya 154 kati ya 155, na mwaka 2018 ikarudi mwisho kabisa, ya 156 kati ya 156. Magazeti na redio za mbali zilitangaza kwamba watu wasio na furaha kuliko wote duniani wanaishi kando ya Ziwa Tanganyika na kwenye vilima vya Burundi. Tangu hapo sentensi hiyo imerudiwa mara nyingi, hata na sisi wenyewe.

Sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Bujumbura tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho letu. Utafiti wa aina hii huanza na swali, na swali huundwa kwa maneno. Mtu mzima huulizwa kama maisha yake ni mema, naye hujibu kwa lugha aliyo nayo na kwa kadiri alivyolielewa swali. Katika makala haya tunapitia kwa ufupi historia ya utafiti wa kisaikolojia kuhusu ustawi na afya njema ya akili kwa watu wazima, tukianzia Afrika Mashariki ya wakoloni hadi Burundi ya karne hii. Tunataka kuonyesha kwamba katika historia hiyo watafiti walikosea walipopuuza maneno ya wanaoulizwa, na walipata mafanikio walipoyasikiliza. Kwa hiyo mwalimu wa lugha ana nafasi yake katika kazi hii.

Walipoambiwa Waafrika hawahuzuniki

Tuanzie Nairobi. Daktari J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Miongoni mwa madai yake, alisema kwamba ugonjwa wa huzuni kuu ulikuwa nadra sana kwa Waafrika. Alieleza kwamba Mwafrika hana mazoea ya kujichunguza na kujilaumu, na kwa hiyo hawezi kuugua huzuni ya aina ile iliyojulikana Ulaya. Mwaka uliofuata aliandika kijitabu kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Kenya kueleza saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya ugonjwa.

Kosa lake tunaweza kulieleza kwa lugha nyepesi. Aliowaona hospitalini ni wale walioletwa kwa sababu walikuwa wamevunja amani: waliopiga watu, waliotembea uchi, waliochoma nyumba. Mama aliyelala chali mchana kutwa akitazama paa, asiyekula na asiyeongea, hakuna polisi aliyekwenda kumkamata. Alibaki nyumbani, na kwa hiyo hakuhesabiwa.

Dai hilo liliporomoka pale watafiti walipotoka hospitalini wakaenda vijijini. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda. Walitumia hojaji ileile iliyotumiwa na madaktari wa London, lakini walihakikisha kwanza imetafsiriwa kwa Kiganda. Walipolinganisha wanawake wa vijiji vile na wanawake wa mtaa wa Camberwell, London, waliona kwamba ugonjwa wa huzuni ulikuwa mwingi zaidi Uganda. Huzuni ilikuwapo siku zote. Iliyokosekana ni lugha ya kuiuliza na sikio la kuisikiliza.

Kutoka kuhesabu maradhi hadi kupima ustawi

Hadi hapo tumezungumzia maradhi. Utafiti wa ustawi una chimbuko jingine. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 1946 na kuanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ilieleza afya kuwa ni hali ya kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, wala haitoshi kukosa ugonjwa tu. Hapo ndipo lilipozuka swali gumu: kama afya ya akili si kukosa wazimu tu, basi ni nini hasa?

Mmoja wa waliojaribu kujibu ni Marie Jahoda, mwanasaikolojia aliyezaliwa Vienna. Katika ujana wake, yeye na wenzake walikwenda katika kijiji cha Marienthal huko Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila kaya ilikosa kazi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Walipima hata mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimamasimama bila sababu. Walitazama maktaba ya kijiji, wakakuta vitabu vinavyoazimwa vimepungua, ingawa sasa watu walikuwa na wakati mwingi wa kusoma. Hawakuwa wagonjwa wa hospitali, lakini kitu fulani ndani yao kilikuwa kimezimika. Yeyote anayewaona vijana wetu waliomaliza masomo wakikaa barazani tangu asubuhi hadi jioni ataelewa Jahoda alikuwa akiona nini. Mwaka 1958 aliandika kitabu kilichofafanua afya njema ya akili kwa vigezo vyake vyenyewe, kama vile namna mtu anavyojiona, anavyokua, anavyojiamulia na anavyoyamudu mazingira yake.

Miaka saba baadaye, mwaka 1965, Hadley Cantril wa Marekani alichapisha utafiti uliofanywa katika nchi 14, Nigeria na Misri zikiwamo. Yeye ndiye mwenye ile ngazi inayotumika hadi leo. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vidato vilivyotiwa namba kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Kidato cha juu ni maisha bora kabisa anayoweza kuyapata, na cha chini ni maisha mabaya kabisa. Kisha huulizwa: wewe kwa sasa umesimama kidato gani?

Wasomaji wazingatie jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika. Cantril hakuanza na ngazi. Alianza kwa kumwomba mtu aeleze kwa maneno yake mwenyewe matumaini yake na hofu zake, yaani maisha mema kwake ni yapi na maisha mabaya ni yapi. Baada ya mazungumzo hayo ndipo ngazi ilipoletwa. Kwa hiyo ncha mbili za ngazi zilikuwa zimeshajengwa na mhojiwa mwenyewe. Katika kura za maoni za siku hizi ngazi imebaki, lakini mazungumzo yale yameondolewa ili kuokoa muda.

Baada ya Cantril uwanja ulipanuka haraka. Mwaka 1985 Ed Diener na wenzake walitoa kipimo cha sentensi tano cha kuridhika na maisha. Mwaka 1989 Carol Ryff alitaja nguzo sita za ustawi wa nafsi: kujikubali, kuwa na uhusiano mwema na wengine, kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo maishani, na kuendelea kukua. Mwaka 1998 Martin Seligman, aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alitoa wito kwamba saikolojia ichunguze pia yaliyo mema katika binadamu. Mwaka 2002 Corey Keyes alionyesha kwamba watu wazima wanaweza kupangwa kuanzia wanaostawi hadi wanaonyong'onyea, na kwamba mtu anaweza kunyong'onyea bila kuwa na ugonjwa wowote unaotajwa na madaktari.

Hapa Kiswahili kinatusaidia vizuri kuliko lugha nyingi. Kustawi ni neno la shambani: mahindi hustawi yakipata mvua, mbolea na palizi. Hakuna mhindi uliostawi peke yake kwa juhudi zake. Na kunyong'onyea ni hali ambayo kila mmoja wetu ameiona kwa jirani: mtu yupo, anatembea, anajibu salamu, lakini amelegea kama jani lililokosa maji.

Nadharia ya Keyes ilipimwa pia katika lugha ya Kibantu. Mwaka 2008 yeye na watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya watu wazima 1,050 wanaozungumza Kitswana. Asilimia 20 walionekana wanastawi, asilimia 67.8 walikuwa katikati, na asilimia 12.2 walikuwa wananyong'onyea. Tunavutiwa na matokeo hayo kwa sababu Kitswana ni ndugu wa Kirundi na Kiswahili. Yanaonyesha kwamba kipimo cha ustawi kinaweza kuhamia katika lugha zetu, mradi kazi ya tafsiri ifanywe kwa uangalifu na matokeo yahakikiwe.

Burundi: maneno yaliyozaliwa na majonzi

Turudi sasa nyumbani. Historia ya afya ya akili katika Burundi haiwezi kutenganishwa na historia ya vifo. Mauaji ya mwaka 1972, ambayo Warundi huyaita ikiza, yaani balaa, yaliwaacha wajane na yatima waliokatazwa hata kulia hadharani. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakalelewa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, na vita vilivyofuata viliendelea zaidi ya miaka kumi, licha ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2015 nchi ikaingia tena katika machafuko, na watu wakakimbia upya.

Kwa muda mrefu hospitali ya magonjwa ya akili ilikuwa moja tu nchini, ile ya Kamenge hapa Bujumbura, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hospitali moja kwa nchi ya mamilioni ya watu ina maana kwamba wengi sana walitibiwa nyumbani, kanisani, msikitini au kwa mganga, na wengine hawakutibiwa kabisa.

Kuanzia mwaka 2000 mambo yalianza kubadilika. Shirika la HealthNet TPO lilianzisha huduma za afya ya akili na msaada wa kijamii katika mikoa. Mwaka huohuo David Niyonzima, mchungaji wa kanisa la Marafiki, alianzisha shirika la THARS la kutibu majeraha ya nafsi na kupatanisha watu, lenye vyumba maalumu vya kuwasikiliza wenye majonzi. Mwaka 2003 Marafiki wa Burundi na Rwanda walianzisha warsha za siku tatu zilizowakalisha pamoja watu wa pande zilizokuwa zimetengana.

Warsha za aina hiyo zilichunguzwa na Peter Yeomans na wenzake, ambao walichapisha matokeo mwaka 2010. Baadhi ya washiriki walipewa pia mafunzo kuhusu ugonjwa wa kiwewe kama unavyoelezwa katika vitabu vya tiba, na wengine hawakupewa. Waliopewa mafunzo hayo hawakupata nafuu kuliko wenzao. Kukaa pamoja, kusema na kusikilizwa kulitosha kuleta nafuu hata bila orodha ya dalili. Kwetu sisi walimu hilo ni fundisho kubwa: istilahi haimponyi mtu kwa kutajwa tu.

Watafiti walipoanza kuuliza kwa Kirundi, walikuta maneno tayari yapo. Mwaka 2013 Peter Ventevogel na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamii nne za Kiafrika zilizoathiriwa na vita, Burundi ikiwamo. Watu walitofautisha vizuri ibisazi, yaani wazimu wa kuonekana, na akabonge, yaani huzuni nzito ya mtu aliyepatwa na msiba akajitenga na wenzake. Lilikuwapo pia neno ihahamuka, ambalo wenye lugha hulihusisha na mapafu na kuishiwa pumzi kwa hofu. Mwenye ibisazi alifikiriwa kuwa anaweza kuhitaji hospitali. Mwenye huzuni alipelekwa kwa jamaa, kwa majirani na kwa maombi, wala wengi hawakuona kwamba zahanati ina la kumsaidia.

Fikirieni basi yanayotokea ofisa wa afya anapokwenda mtaani na kuwatangazia watu waje kutibiwa "magonjwa ya akili". Mama mwenye akabonge hatakuja, kwa kuwa anajua akili yake ni nzima. Kinachomuuma ni moyo. Tangazo limemwita mtu mwingine.

Waliowauliza watu wenyewe

Kabla ya kuirudia ile namba ya mwisho duniani, tutazame majirani zetu wawili, kwa sababu huko ndiko ilikoonekana njia bora ya kuuliza. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 Paul Bolton alikwenda Rwanda. Badala ya kuanza na hojaji kutoka Marekani, aliwaomba wanavijiji wataje matatizo yaliyoletwa na mauaji yale. Walitaja guhahamuka na walitaja agahinda, yaani majonzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001.

Hatua iliyofuata inatuhusu zaidi sisi tunaozungumzia ustawi. Mwaka 2002 Bolton na mwenzake walieleza namna ya kupima kama mtu mzima anaweza kuendesha maisha yake. Waliwauliza watu wa Rwanda na Uganda: mwanamume mzima anatakiwa afanye nini kwa ajili yake, kwa ajili ya nyumba yake na kwa ajili ya jamii? Na mwanamke je? Majibu yakawa ndiyo kipimo. Katika orodha zilizopatikana Uganda yamo kulima, kujitunza mwili, kulea watoto, kupanga mambo ya nyumba, na pia kuhudhuria mazishi. Hakuna mtaalamu wa Ulaya au Marekani aliyekuwa amefikiria kuuliza kama mtu bado anakwenda msibani. Lakini mtu wa kwetu akiacha kwenda msibani, majirani wote wanajua kwamba hayupo sawa.

Kwa maneno yaliyopatikana kwa Kiganda, jaribio la tiba lilifanywa mwaka 2002 katika vijiji 30 vya kusini magharibi mwa Uganda. Watu wenye huzuni kuu walikutana katika makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo. Kabla ya jaribio, asilimia 86 ya waliokuwa katika makundi walitimiza vigezo vya ugonjwa wa huzuni. Baadaye walibaki asilimia 6.5. Kwa wale ambao hawakupata makundi, asilimia 94 ilishuka hadi 54.7 tu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003. Ni vigumu kuamini kwamba yangepatikana kama wangeanza na maneno ambayo hakuna mwanakijiji aliyeyatambua.

Namba 2.905 ilitoka wapi?

Sasa tunaweza kurudi kwenye ripoti ya mwaka 2016 tukiwa na macho yaliyofunguka. Kwanza, ingawa jina lake ni Ripoti ya Furaha, mpangilio wa nchi hautokani na swali la furaha. Unatokana na ngazi ya Cantril, inayoulizwa na shirika la Gallup kwa watu wapatao 1,000 katika kila nchi. Anayejibu anapima maisha yake. Haelezi kama alicheka jana.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Burundi ilipata alama 2.905 mwaka 2016, ikapata 2.905 mwaka 2017, na ikapata 2.905 mwaka 2018. Hakuna nchi ambayo watu wake hubaki palepale hadi tarakimu ya tatu kwa miaka mitatu. Sababu ni kwamba ripoti zote tatu zilitumia mahojiano yaleyale yaliyofanywa mwaka 2014. Hakukuwa na mahojiano mapya hadi mwaka 2018, ambapo wastani ulipanda hadi 3.775, na katika ripoti ya mwaka 2019 Burundi ikawa ya 145. Kwa hiyo wasomaji wa ulimwengu walioisoma ile nafasi ya mwisho kama picha ya machafuko ya mwaka 2015 walikuwa wakisoma majibu yaliyotolewa kabla ya machafuko hayo.

Mwaka 2014 wenyewe haukuwa mwepesi. Soko Kuu la Bujumbura lilikuwa limeteketea tarehe 27 Januari 2013, likiondoka na mitaji ya wafanyabiashara wengi. Mwezi Februari 2014 mafuriko yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini ya jiji na kubomoa nyumba nyingi. Hatudai kwamba mambo hayo mawili ndiyo yaliyoshusha alama. Tunasema tu kwamba mwaka 2008, 2009 na 2011 alama za Burundi zote zilikuwa juu ya 3.5, na kwa hiyo 2.905 haikuwa tabia ya kudumu ya Warundi.

Hata hivyo tusikimbilie kuitupa namba hiyo. Alama ya 3.775 nayo iko chini sana. Tena Gallup huuliza swali jingine: ukipatwa na shida, je, unaye ndugu au rafiki wa kukusaidia wakati wowote? Katika swali hilo pia Burundi imekuwa miongoni mwa nchi za chini kabisa. Sisi tunaojivunia ujirani na udugu wa Kiafrika tunapaswa kulitafakari jambo hilo bila kukasirika. Vita viliwaua ndugu waliotegemewa. Ukimbizi uliwatawanya marafiki. Hofu iliwafundisha waliobaki kuchagua wa kumwamini. Namba haikutudanganya katika hilo; iligusa jeraha.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kuingizwa katika shule za msingi, lugha hii imeacha kuwa ya Buyenzi, Bwiza na sokoni tu. Waliorudi kutoka Tanzania walirudi nayo. Leo mtu mzima wa Bujumbura anaweza kuambiwa habari za afya yake kwa Kirundi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Kwa hiyo istilahi tunazozifundisha darasani zitafika zahanati.

Tutazame chache. "Afya ya akili" limekuwa neno rasmi, lakini akili kwa Mswahili ni chombo cha kufikiri. Huzuni, hofu na utulivu haviishi huko. Husemwa mtu ana moyo mzito, roho imemruka, au moyo umetulia. Kirundi nacho huyaweka mengi ya mambo hayo katika umutima. "Wazimu" ni neno lenye ukoo na mizimu, na hubeba aibu ambayo hakuna familia inayoitaka. Ndiyo maana watu huficha, na wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. "Sonona" limeenea Tanzania kwa maana ya ugonjwa wa huzuni, na lina faida ya kutokana na kitenzi cha zamani, kusononeka, ambacho bibi zetu wangekielewa bila kufundishwa. "Kiwewe" linabeba vizuri mshtuko na kupotewa na mwelekeo, ingawa pumzi inayokatika, ambayo imo katika ihahamuka, haimo ndani yake. Jijini Dar es Salaam watafiti akiwamo Sylvia Kaaya walilitambua tatizo hili mapema. Baada ya kuijaribu hojaji ya kigeni kwa Kiswahili, matokeo yakitoka mwaka 2002, walishiriki kuunda chombo cha maswali 19 chenye maneno ya watu wenyewe, kilichochapishwa mwaka 2008.

Salamu nazo zina somo lake. Hujambo maana yake ni kwamba huna jambo, na desturi humtaka mtu ajibu "sijambo" hata kama ametoka kuzika. Lakini kila Mswahili anajua kwamba jibu la kweli hufuata baadaye: "Hatujambo, ila mtoto anaumwa." Mrundi akiulizwa amahoro naye hujibu amahoro, yaani amani, kabla ya kufungua la moyoni. Kirundi kina pia salamu ya amashyo, ya kumtakia mwenzio makundi ya ng'ombe, maana ustawi wa mtu ulionekana zizini na kwa waliomzunguka. Mhoji asiyejua adabu hizi ataandika "sijambo" katika fomu yake na kuondoka. Anayezijua atakaa kidogo, asubiri ile "ila".

Ngazi nayo ina vikwazo vyake katika lugha. Kwa Kiswahili ngazi ni ya kupandia, lakini ni cheo pia. Kidato ni cha ngazi, na katika shule za Tanzania ni darasa la sekondari. Mtu asiyepata kusoma akiulizwa yuko kidato gani cha maisha, anaweza kusikia swali la elimu au la cheo, akajiweka chini kwa unyenyekevu. Hayo ni mambo ambayo mfasiri mwangalifu huyagundua kwa kuwajaribu watu kumi kabla ya kuwahoji elfu moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Carothers alidai huzuni haipo kwa sababu hakuiendea ilipokuwa. Orley na Wing waliiona walipouliza kwa Kiganda. Cantril alianza na mazungumzo, na waliomfuata wakabakiza namba. Bolton alirudi kuuliza maneno, na watu wakapona. Burundi ilipewa nafasi ya mwisho mara mbili kwa mahojiano ya mwaka mmoja, huku ukweli mzito kuhusu upweke wa watu wengi ukipita bila kujadiliwa.

Tunawapendekezea wanafunzi wetu kazi moja inayowezekana bila fedha nyingi. Wakati wa likizo, kila mmoja akusanye kwa wazee wa mtaani kwake, iwe Buyenzi, Kinama au Kanyosha, maneno ya Kirundi na Kiswahili ambayo mtu mzima huyatumia kusema kwamba yuko vizuri, na yale anayotumia kusema kwamba hayuko vizuri. Yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na sentensi yaliyomo na umri wa msemaji, lakini bila jina lake. Orodha hiyo itatufaa darasani katika somo la semantiki. Ikipelekwa kwa wauguzi na wanasaikolojia wa jiji hili, itawafaa zaidi, kwa kuwa watajua namna ya kumwita yule mama mwenye akabonge kwa neno ambalo atalijibu.